SOMO: Kompyuta ya Nyumbani Inapokataa Kuwaka

Somo hili linatolewa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba walio na kompyuta majumbani. Madhumuni yake si kumfanya kila msomaji awe fundi, bali kumwezesha kutambua, kabla hajatoa fedha zake, ni sehemu gani iliyoharibika, na kumhadharisha asije akapoteza kilichomo kwa pupa ya kukitengeneza chombo.

Jambo la mwanzo la kufahamika ni kuwa kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vingi vilivyounganishwa. Ipo pawa saplai inayogawa umeme, bodi kuu, kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita ramu, feni, kioo na diski. Kimojawapo kinaweza kufa peke yake na vilivyobaki vikawa vizima. Barua, hesabu na picha za mwenyewe zimo ndani ya diski tu. Kwa hivyo kompyuta iliyozima kabisa, isiyotoa mwanga wala sauti, mara nyingi haijapoteza hata herufi moja. Bali ile inayowaka huku diski yake ikigonga ndani ndiyo iliyo katika hatari. Watu wengi hudhani kinyume chake.

Katika visiwa vyetu maadui wakubwa wa kompyuta ni umeme na hewa. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, lakini hupanda na kushuka, na madhara mengi hutokea wakati unaporudi, si wakati unapokatika. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kukosekana kwa umeme mwezi wa Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo jenereta ndogo zilienea mitaani. Jenereta isiyodhibiti volti zake yaweza kuua pawa saplai kwa siku moja. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na isirudishwe mpaka umeme utulie. Ama hewa ya bahari, chumvi na unyevu wake hula miguu ya shaba iliyomo ndani, na vumbi huziba feni hata chombo kikajizima kwa joto.

Kompyuta isipowaka, uchunguzi uanzie nje. Itiwe taa katika soketi ile ile ili ijulikane kama umeme upo, na ujaribiwe waya mwengine au chaja nyengine ya aina hiyo hiyo. Kisha plagi ichomolewe, betri itolewe ikiwa inatoka, na swichi ya kuwashia ibonyezwe kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Ndipo ijaribiwe tena. Ikiwa feni inasikika lakini kioo ni cheusi, kimulikwe kwa tochi kwa ubavuni: ikionekana picha kwa mbali, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Milio mifupi inapowashwa mara nyingi ni malalamiko ya ramu, ambayo aghlabu hupona kwa kuchomolewa, kufutwa miguu yake kwa raba safi na kurudishwa. Saa inayorudi nyuma miaka kila ikiwashwa huonesha kuwa imekwisha ile betri ndogo ya volti 3 mfano wa sarafu, iitwayo CR2032. Huo ni ugonjwa mdogo kabisa, ingawa wapo waliokwisha kuuziwa bodi kuu nzima kwa ajili yake.

Pawa saplai isifunguliwe na asiyekuwa fundi, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Betri iliyovimba hata ikasukuma vitufe juu isichajiwe tena wala kutobolewa, maana huweza kulipuka moto.

Diski inahitaji maneno zaidi. Diski ya kuzunguka hufanya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ikisikika inagonga, kompyuta izimwe papo hapo na isiwashwe tena kwa kujaribu bahati, kwani kila mzunguko huzidi kuikwangua. Isifunguliwe chumbani, wala isitiwe ndani ya friji kama wanavyoshauriana baadhi ya watu. Unyevu wake utammaliza mgonjwa. Kuokoa yaliyomo ni kazi ya wenye chumba kisicho na vumbi na zana zake, na gharama yake huweza kuzidi bei ya kompyuta. Diski ikiwa nzima na kompyuta ndiyo iliyokufa, itolewe, itiwe katika kisanduku cha USB na kusomwa na kompyuta nyengine. Lakini kompyuta nyingi za siku hizi zenye Windows hufunga diski kwa BitLocker, nayo haifunguki pengine bila ya ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe na kuwekwa mapema. Katika baadhi ya kompyuta mpya hifadhi imeunganishwa moja kwa moja na bodi na haitoki.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kupeleka kwa fundi mmoja kompyuta iliyokuwa ikijizima. Fundi, bila ya kuuliza, aliifuta diski yote na kutia Windows upya. Ilipoendelea kuzima ndipo ikaonekana kuwa feni imejaa vumbi. Feni ilisafishwa kwa brashi kwa dakika chache, lakini daftari la michango ya miaka minne ya chama cha kufaana cha mtaani halikupatikana tena, na mwandishi alikaa mbele ya wanachama wenziwe, kila mmoja akitaja kwa kichwa alichokumbuka kuwa alitoa.

Kwa hivyo fundi aambiwe kwa maandishi kuwa diski isifutwe. Bei ikubaliwe kabla ya kufungua, nambari ya chombo iandikwe kwenye risiti, na kifaa kilichobadilishwa kidaiwe mkononi. Chaja, betri, feni, ramu na diski vinafaa kubadilishwa. Bodi kuu ya kompyuta ya mkononi ilinganishwe kwanza na bei ya kompyuta nzima iliyotumika. Chombo kilicho ndani ya waranti kisiguswe bisibisi.

Kompyuta ya Serikali iliyochukuliwa nyumbani isipelekwe kwa fundi wa mtaani hata kwa jambo dogo. Irejeshwe kwa kitengo cha TEHAMA cha wizara husika, kwani majalada yaliyomo si mali ya aliyeibeba.

Nakala za hati muhimu ziwe mbili, na moja iwekwe nje ya nyumba. Na kompyuta isiyotengenezeka tena, kabla haijauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, itolewe diski yake na kubaki na mwenyewe.