Dalili Tano za Utaratibu Uliokita Mizizi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mifereji ya mashamba hudumu kwa kuwa ina zamu za maji, siku za kuisafisha na wasimamizi. Mzee mmoja akifariki, maji hayakatiki. Utaratibu wa kutunga programu za kompyuta katika shirika nao wapaswa kuwa hivyo. Mwaka 1993 Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilieleza dalili tano za utaratibu uliokita mizizi: uongozi umejifunga kuutekeleza, watu, fedha na mafunzo vipo, kazi hutendwa kama ilivyopangwa, matokeo hupimwa, ukaguzi hufanyika. Zikikosekana, mtaalamu mmoja akihama, mishahara ya shirika zima yaweza kukwama.