Mtumbwi wa Mbao: Ukarabati Kabla ya Rangi

Kusi likivuma, bahari huchafuka na mitumbwi mingi ya Lamu huvutwa pwani. Kwa mkaazi aliyejijengea mtumbwi wa mbao, huu ndio wakati wa kuukagua, kabla kaskazi haijarudi. Wengi hukimbilia rangi. Rangi ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu huufungia unyevu huo ndani. Mtumbwi hupendeza kwa wiki chache, kisha malengelenge hutokea na ubao huoza chini yake bila mwenyewe kujua.

Kazi huanza kwa maji matamu. Chumvi iliyokolea ndani ya ubao huvuta unyevu wa hewani, kwa hivyo mtumbwi uoshwe vizuri, upinduliwe juu ya magogo na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali hupasua mbao. Kisha udungwe kwa ncha ya kisu, hasa kando ya misumari na penye mataruma. Kisu kikizama bila nguvu, ubao huo umeoza na haufai kuzibwa, utolewe. Kipande kipya kiwe cha mti uleule, mbambakofi kwa mbambakofi, maana mbao za miti tofauti hazivimbi sawa na kiungo huachia.

Kalafati ya zamani itolewe yote. Mafundi wa vyombo husokota pamba, huilowesha mafuta na kuishindilia kwenye nyufa kwa nyundo na patasi butu. Isishindiliwe kupita kiasi: pamba na mbao huvimba zikilowa, na kiungo kilichobanwa mno kinaweza kung'oa misumari.

Wapo wanaotaka pia kuongeza ubao wa juu ili mtumbwi ubebe zaidi. Hapa ndipo penye hatari. Kimo kikiongezeka bila upana kuongezeka, mzigo hupanda juu na mtumbwi hupinduka upesi zaidi, hata kama maji hayaingii kwa urahisi. Wengine hukata taruma ili wapate nafasi ya kukaa; huko ni kuuvunja mtumbwi mbavu. Chombo kilichobadilishwa kijaribiwe kwenye maji ya magotini, kikiwa na mifuko ya mchanga badala ya watu, na BMU ya eneo ijulishwe.

Sasa rangi. Ubao upigwe msasa, vumbi lifutwe, na mkono wa kwanza uchanganywe na tapentaini kidogo ili uzame. Mikono miwili mingine ifuate, kila mmoja ukikauka kwanza na kupigwa msasa mwepesi. Kwa sehemu inayokaa majini, mchanganyiko wa shahamu na chokaa waliotumia wazee bado unafaa, ila hupakwa upya mara kwa mara.

Mtumbwi ukishushwa, ufungwe pwani siku mbili au tatu. Maji kidogo yataingia hadi mbao zivimbe. Ukiendelea kuvuja baada ya hapo, mahali panapovuja patiwe alama ungali umelowa, ndipo uvutwe tena nchi kavu.