Dondoo muhimu: Hatifungani ya nyumbani au ya ng'ambo?

Usilinganishe riba kabla ya kuangalia sarafu. Hatifungani ya Jasiri ya Benki ya NMB, iliyotolewa 2022, ililipa asilimia 8.5 kwa mwaka, kwa shilingi. Kampuni ya Marekani ikilipa 5.5 kwa dola, usiidharau: dola ikipanda kwa asilimia 4 mwaka huo, pato lako kwa shilingi ni kama 9.7. Ila mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania ilipanda kwa kasi, na hesabu ikageuka.

Kwenye kila pato, toa kodi na ada za dalali. Kisha linganisha kila hatifungani na ya serikali ya sarafu na muda uleule. Ziada ndiyo malipo ya kubeba hatari ya kampuni. Ikiwa ndogo mno, ikopeshe serikali.

Na kwa kuwa dola inaweza kushuka, pesa ya karo ya mwakani iache kwenye shilingi.