Usiitupe Kompyuta ya Zamani: Linux kwa Shule, Steshenari na Vikundi vya Shinyanga na Geita

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Zinawaka na zinachapa kama jana. Lakini tundu jipya la usalama likigundulika kwenye mfumo huo halizibwi tena, isipokuwa kwa waliojisajili kuongezewa muda. Windows 11 nayo inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kichakataji ambacho kwa sehemu kubwa ni cha kizazi cha nane kuja juu. Mashine nyingi za mitumba zilizoko kwenye steshenari za Kahama, Katoro na Masumbwe, na zile zilizofunikwa turubai kwenye stoo za shule, hazifiki hapo.

Kijitabu hiki ni cha mwalimu wa TEHAMA, mwenye steshenari, katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo, na fundi wanayemkimbilia wote hao. Tunawaomba jambo moja: kabla hamjaandika mashine kuwa mbovu, ijaribuni kwa Linux. Mara nyingi chuma bado kizima. Kilichoishinda ni uzito wa programu.

Linux kwa ufupi

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamsha kompyuta na kuziendesha programu nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi nchini Finland, na tangu hapo imejengwa na maelfu ya watu duniani kote. Kiini chake ndicho kiini cha Android, kwa hiyo mwenye simu ya Android tayari anaitumia kila siku. Inagawiwa kwa matoleo mengi: Debian, Ubuntu, Linux Mint, antiX na mengineyo. Ni halali kuipakua bure, kuinakili kwenye flashi na kumpa jirani. Windows iliyovunjwa kufuli haina uhalali huo mbele ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na programu za kuvunjia kufuli ndizo njia kubwa ya kuingiza virusi.

Wala programu huria si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. LibreOffice, inayokuja ndani ya matoleo mengi ya Linux leo, ilitokana na OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010.

Kazi za steshenari: zipi zinaendelea, zipi zinakwama

Hofu ya mwenye steshenari ni moja, na ni ya haki: mteja akija, nitamhudumia? Basi tuwaangalie wateja wenyewe. Mmoja anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mwingine anatuma maombi Ajira Portal, mwingine anasajili jina la biashara BRELA, na wa nne anashughulikia leseni ya biashara kwenye mfumo wa Tausi. Mzazi anataka matokeo ya NECTA. Kazi zote hizo zinafanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chromium ya Linux inafungua kurasa hizo kama ya Windows.

Zinabaki barua, CV na mitihani. LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Kinachosumbua ni mwonekano: faili lililoandikwa kwa Calibri au Times New Roman linaweza kusogea mistari. Sakinisha fonti za Carlito na Liberation, ambazo herufi zake zina upana uleule, na tatizo hilo hupungua sana. Kwa mtihani wenye hesabu na michoro, mwombe mwalimu alete PDF pamoja na faili la Word, kisha chapa ile PDF.

Faida ambayo mwenye steshenari ataiona siku ya kwanza ni kwenye flashi za wateja. Vile virusi vinavyoficha mafaili yote na kuacha njia za mkato vimetengenezwa kwa Windows. Kwenye Linux havifanyi kazi. Zaidi ya hapo, ukifungua flashi iliyoambukizwa ndani ya Linux na kubonyeza Ctrl na H, mafaili yaliyofichwa yanajitokeza, unayanakili, unamrudishia mteja kazi yake. Hata hivyo mfumo huu haumlindi anayeacha nywila ya mteja imehifadhiwa kwenye kivinjari. Tumia dirisha la faragha kwa kila mteja na ulifunge akimaliza.

Zipo kazi zinazokwama, na ni lazima zisemwe. Anayebuni kadi za harusi na mabango kwa Photoshop au CorelDRAW asihame. GIMP na Inkscape ni nzuri, ila ni kujifunza upya, na mafaili ya zamani hayafunguki yote vizuri. Programu za hesabu zilizonunuliwa kwa Windows zibaki kwenye mashine yake. Printa zichunguzwe moja moja: HP nyingi hazina shida, Epson na Canon nyingi zina viendeshi vya Linux kwenye tovuti za watengenezaji, lakini usiamini mpaka karatasi imetoka. Mwenye kompyuta mbili anaweza kuanza na moja na kuiachia nyingine kazi hizo.

Kikundi cha wachimbaji kina sababu yake ya ziada. QGIS, programu huria ya ramani, inafanya kazi kwenye Linux, na kwa RAM ya GB 4 inatosha kuchora mipaka ya leseni ndogo ya uchimbaji. Muwe macho na jambo moja. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimepimwa kwa datumu (msingi wa kuhesabia mahali kwenye ramani) ya Arc 1960, wakati simu inasoma WGS 84. Ukichanganya hizo mbili, alama inahama takriban mita 300. Kiwanja cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316, kwa hiyo kosa hilo linaweza kukuhamishia duara lako kwenye leseni ya mwenzako. Soma kwanza nyaraka zako zimetaja datumu ipi.

Pima mashine kabla ya kuhangaika

Tazama RAM. Mashine yenye GB 4 ipewe Linux Mint ya Xfce, inayofanana na Windows ya zamani na isiyomchosha mgeni. Yenye GB 2 ipewe Debian yenye mandhari ya LXQt au Xfce, na mtumiaji azoee kufungua kurasa chache kwa wakati mmoja, maana kivinjari ndicho kinachokula RAM kuliko mfumo wenyewe. Fundi akiongeza zram, data hubanwa ndani ya RAM na nafasi huongezeka. Yenye GB 1 ipewe antiX, kwa kuandika na kusoma tu. Chini ya hapo ushauri wetu ni kuacha.

Tazama pia kama kichakataji ni cha biti 32 au 64. Kuanzia Core 2 Duo ya mwaka 2006, kompyuta nyingi ni za biti 64. Za biti 32 zinazidi kuachwa: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake kwa mashine hizo.

Umeme nao uhesabiwe. Kompyuta ya mezani yenye kioo cha mgongo mkubwa ikitumia wati 150 kwa saa kumi, imekula uniti moja na nusu za LUKU. Laptopu ya wati 30 kwa muda huohuo inakula uniti 0.3. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 39 dhidi ya takriban 8. Mashine ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ya kununua.

Kama mna fedha ya kifaa kimoja tu, nunueni SSD. Kubadili diski ya kuzunguka kuwa SSD hata ya GB 120 kunaipa mashine ya zamani uhai ambao hakuna programu inayoweza kuupa. Cha pili ni betri ya saa, ile ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikifa, kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila ikizimwa, na kivinjari kinakataa karibu kila tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali. Watu wamebadilisha mfumo mzima kwa kosa la betri ndogo.

Vumbi la huku

Kompyuta ya Geita, Nyarugusu au Mwadui inaishi kwenye vumbi. Feni ikiziba, kichakataji kinapata joto na kujipunguza kasi chenyewe, na mwenyewe anadhani ni uzee. Ifungue, isafishe kwa brashi laini na blowa, na ubadilishe pasta ya joto iliyokauka. Fanya kazi hiyo nje na uvae barakoa. Karibu na makarasha vumbi lina silika, ambayo huharibu mapafu bila kuonekana. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, isizunguke kupita kiasi.

Kujaribu bila kufuta kitu

Pakua faili la ISO kutoka tovuti rasmi ya toleo husika, si kwenye kundi la WhatsApp. Linux Mint inakaribia GB 3, kwa hiyo litafute bando nafuu, upakue mara moja, unakili kwa wote. Linganisha alama ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ili ujue faili limekuja zima. Kwa Rufus au Ventoy iandike kwenye flashi ya GB 8. Chochote kilichokuwamo kitafutika. Washa kompyuta ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha chagua flashi.

Mfumo utaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kukaa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, fungua faili la kazi yako halisi, ingia kwenye mfumo unaoutumia zaidi. Kikikwama kitu, toa flashi, uwashe upya, Windows yako ipo palepale. Ukiridhika, nakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje na uhakikishe yanafunguka, ndipo usakinishe.

Shuleni bila intaneti

Maabara ya shule haihitaji bando kila siku. Kiwix inabeba Wikipedia, ya Kiswahili pia, ndani ya kompyuta moja. Kolibri ya Learning Equality inagawa masomo na mazoezi kwa mashine nyingine kupitia ruta ya kawaida isiyo na intaneti. Mashine yenye nguvu kidogo kuliko wenzake iwe seva, zile dhaifu zifungue kivinjari tu. Wilayani Karatu shirika la Powering Potential limefunga kwenye sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo mfumo wake ni wa familia ya Debian, zikiendeshwa kwa umeme wa jua. Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya wati 15, na hilo ni jambo la kufikiriwa na shule ambayo nguzo za umeme hazijaifikia.

Ikifa kabisa

Huku kwetu kuna kishawishi ambacho mikoa mingine haina. Ubao wa saketi una dhahabu, na watu wetu wanajua kuikamata. Lakini kompyuta moja ina sehemu ndogo tu ya gramu, na kuitoa kwa tindikali au zebaki, au kuchoma nyaya ili kupata shaba, kunatoa moshi na sumu zinazobaki kwenye udongo, kwenye maji na kwa watoto wanaocheza uani. Ng'oa kinachofaa kwa mashine nyingine, yaani RAM, diski, chaja na kioo. Mabaki yatunzwe pakavu, na muulizeni afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC ya kanda mahali pa kuyapeleka.

Kwa mashine inayobaki kazini, fundi abandike karatasi ubavuni: jina la toleo, tarehe ya kusakinishwa na mwaka ambao masasisho yataisha. Linux Mint 22 ni 2029. Debian 12, kwa huduma ya muda mrefu, ni Juni 2028. Nywila ya msimamizi isiandikwe hapo. Iwekwe kwenye bahasha kwa mkuu wa shule au mwenyekiti wa kikundi, maana mwalimu anahama, na fundi naye anahamia mji mwingine.