Wakati Mishipa ya Mkono Inapoota Upya: Kazi ya Mume au Mke

Anayeanguka na pikipiki kwenye utelezi wa masika huku kwetu Mbulumbulu, iwe Kambi ya Simba au Lositete, mara nyingi hutua kwa bega huku kichwa kikisukumwa upande wa pili. Hapo mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi huvutika, na pengine hukatika au hung'oka kwenye uti wa mgongo. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Mshipa wa fahamu ukiumia, mkono waweza kuonekana mzima kabisa na bado usinyanyuke, kwa hiyo nyumba nyingi hukaa tu zikingoja uamke. Kungoja huko ni kazi, tena kazi inayofanyika zaidi nyumbani, kwa mume au mke, kuliko hospitalini.

Mshipa uliovutika kidogo huweza kurudi hali yake ndani ya wiki au miezi michache. Uliokatika ndani kwa ndani lazima uote upya, nao huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi mingi. Hadi vidoleni yaweza kupita mwaka na nusu. Nao msuli haungoji milele: ukikaa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu bila kufikiwa na mshipa, hunyauka na kupoteza uwezo wa kuamka. Ndiyo sababu mkono usioonyesha dalili yoyote kufikia mwezi wa 3 unahitaji daktari bingwa, maana upasuaji wa mishipa hufaa zaidi kabla ya miezi 6 kupita. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, zaidi ya kilomita 200 kutoka huku, na nauli ni mzigo. Lakini nauli hiyo ikicheleweshwa hadi mavuno ya mwakani, itakuwa imenunua kidogo sana.

Wakati huo wote kiungo kisichosogezwa hukakamaa. Mshipa ukifika na kukuta bega limeganda, hauna cha kusogeza. Kwa hiyo bega, kiwiko, kifundo na kila kidole vikunjwe na kunyooshwa taratibu, mara kadhaa kwa siku, kama mtaalamu wa fiziotherapia alivyoelekeza. Aliyevunjika mfupa au aliyetoka kupasuliwa asubiri ruhusa kwanza. Mkono usiachwe uning'inie, kwani uzito wake hulivuta bega litoke mahali pake, na mgonjwa asiinuliwe kwa kushikwa kwapani. Halafu kuna ngozi. Baridi ya Mbulumbulu huwasogeza watu karibu na mafiga, na mkono wenye ganzi hauambii kwamba unaungua. Malengelenge ndiyo yanayotoa habari, na yamechelewa. Mgonjwa aote moto kwa mbali, avae sweta na soksi mkononi, apime maji ya kuoga kwa mkono mzima, na kila jioni mwenza wake akague vidole na kiwiko kwenye mwanga.

Wapo watakaosema kuna wachuaji wanaojua kazi hii. Kupaka mafuta na kusugua kwa upole hakuna ubaya. Kuvuta kwa nguvu, kukanda kwa maji ya moto na kuchanja ngozi isiyohisi kunaumiza zaidi, wala hakuunganishi mshipa uliokatika. Hoja nzito zaidi ni ile ya heshima: mke anayemwacha mumewe ajifunge vifungo kwa mkono mmoja ataonekana hamjali. Naiona hoja hiyo, kwa sababu inatoka kwenye upendo. Hata hivyo mtu anayefanyiwa kila kitu hujifunza kwamba hawezi kitu, na mkono mzima nao una mengi ya kujifunza: kula, kuandika, kufunga mbuzi kamba. Msaada uanze pale anaposhindwa, si kabla. Na akiumia mke, mume achote maji na asonge ugali bila kungoja dada zake waje. Mashamba ya mahindi na maharage yana msimu, na mtu mmoja hawezi kulima, kupika na kuuguza peke yake. Kuwaomba ndugu na majirani siku ya kupalilia ni sehemu ya matibabu.

Maumivu ya mshipa huja kama moto au shoti ya umeme, hata kwenye mkono usiohisi chochote. Si uongo wala si kurogwa. Panadol mara nyingi haitoshi. Zipo dawa nyingine, kama amitriptilini, ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo. Hasira, kunyamaza na kukosa usingizi navyo vitajwe kliniki bila haya, na maneno ya kutaka kufa yapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenza aingie chumba cha daktari pamoja na mgonjwa, akiwa na daftari lenye tarehe: siku kidole kilipotikisika, mahali ambapo ganzi imegeuka mchomo, kiwiko kilipokunjika hata kidogo. Mchomo unaoshuka kuelekea kiganjani waweza kuwa ndio mshipa unaosafiri, na daktari anayemwona mgonjwa mara moja kwa miezi kadhaa hawezi kuufuatilia bila daftari hilo.