SOMO LA HISTORIA: MKULIMA CHINI YA MAKABAILA, ULAYA NA JAPANI



Leo tunajifunza habari za ukabaila. Ukabaila ni utaratibu ambao ardhi ni ya wachache, na wanaoilima ni wengine. Ulikuwako Ulaya, na Japani pia, nchi zilizo mbalimbali sana. Hebu tulinganishe.

Mambo yaliyofanana

Ulaya, mfalme aliwagawia mabwana ardhi, nao wakaapa kumpigania vitani. Japani, mtawala mkuu wa kijeshi aliitwa shoguni. Chini yake walikuwako wakuu wa majimbo, na chini yao askari walioitwa samurai. Pande zote mbili, chini yao alikuwa mkulima. Jembe lake ndilo lililowalisha wote.

Mambo yaliyotofautiana

Kwanza, malipo. Mtwana wa Ulaya alilipa zaidi kwa jasho. Mahali pengi alilima shamba la bwana siku mbili au tatu kila juma, bila ujira. Hakuruhusiwa kuhama. Hata kumwoza binti yake, alilipa ada kwa bwana!

Mkulima wa Japani alilipa kwa mchele. Wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa (1603–1868), mara nyingi zilichukuliwa sehemu nne au tano katika kila kumi za mavuno. Kodi ilidaiwa kijiji kizima. Mmoja akishindwa, wenzake walimlipia. Basi wengi waliolima mpunga walikula shayiri na ulezi.

Pili, silaha. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wa Japani wanyang'anywe panga za vita. Alisema chuma kitatengeneza misumari ya sanamu kubwa ya Buddha. Kumbe aliogopa maasi.

Ulikwishaje?

Wakulima hawakukaa kimya. Uingereza waliasi mwaka 1381, wakashindwa. Ufaransa, mwaka 1789, walichoma hati za mabwana zilizoandikwa madeni yao. Mwaka huohuo Bunge likatangaza kuufuta ukabaila.

Japani, majimbo ya makabaila yalifutwa mwaka 1871. Lakini wakulima wengi waliendelea kukodi mashamba kwa wenye ardhi, na kuwalipa sehemu kubwa ya mavuno. Wengi walipata mashamba yao baada ya sheria ya mwaka 1946. Tunaona, basi, kwamba kufuta vyeo siyo sawa na kumpa mkulima ardhi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wakulima wa Ufaransa walichoma hati?
2. Kulipa kwa siku za kazi na kulipa kwa mavuno, lipi lilimwumiza mkulima zaidi mwaka wa njaa? Toeni sababu.