Ugawaji wa Bonde la Mto Mara: Kipande Kidogo Kisidharauliwe

Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ili kukadiria mtiririko wake kwa programu ya SWAT, bonde zima hugawanywa kwanza katika mabonde madogo kwa kufuata miinuko na vijito. Kila bonde dogo nalo hugawanywa katika vitengo vyenye udongo, mteremko na matumizi ya ardhi ya namna moja. Mtafiti akiweka kiwango cha asilimia 10, matumizi yasiyokifikia hufutwa na eneo lake kugawiwa yaliyosalia. Hivyo, kijisitu kilindacho chemchemi chaweza kutoweka katika hesabu ilhali kingali kimesimama. Haba na haba hujaza kibaba. Mgawaji asiidharau haba.